Mguu Wangu na Mama Mkwe Wangu, Kutoka Kongolo Hadi Élisabethville

Ninyi watu wa kambi ya reli hamtaniacha nipumzike. Nikitoka nje kunawa uso tu, mtu ananisimamisha: "Capita Kabamba, utuambieko, ile muguu ilipona namna gani?" Nikianza kusimulia, mwingine anafika, naanza upya. Basi nimeketi na kalamu. Someni, msomeane, kisha mniache niende kazini. Naandika Kiswahili cha mapadri kwa sababu ndicho walichonifundishia kuandika, lakini watu wakifungua kinywa nitawaacha waseme kama tunavyosema. Habari za ruhusa, karatasi na mihuri nazipita. Hazijawahi kumfurahisha mtu.

Viatu vya kwenda ukweni

Ninyi mnaijua kazi yangu, lakini huenda karatasi hii ikafika kwa asiyeijua. Mimi ni capita wa njia, msimamizi wa mafundi wa reli. Kila asubuhi natembea juu ya reli na nyundo mkononi, nagonga, nasikiliza. Reli nzima inaimba, reli yenye ufa inakohoa. Nimefanya hivyo tangu sina ndevu, na hakuna treni hata moja iliyoanguka katika kipande changu. Wengine wanaishi kwa mikono, mimi naishi kwa miguu, na sioni haya kujisifu.

Mwaka ule nilikuwa na ugonjwa wa sukari. Kiu haiishi, na mahali nilipokojoa sisimizi wanakuja mbio. Infirmier, yaani muuguzi wa kambi, alikuwa akinidunga sindano kila asubuhi. Nikajiona nimepata nguvu, nikaacha kwenda. Nani angegonga reli wakati mimi nimepanga foleni ya sindano? Kiburi hicho kilikuwa changu mwenyewe, simsingizii mtu.

Ikafika siku mke wangu Feza, aliyekuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu, akanituma Kongolo nimlete mama yake aje kumsaidia kujifungua. Sasa ukweni mtu haendi ovyo ovyo. Nilijipatia viatu vyeusi, vyembamba mbele, vinavyong'aa hata unajiona meno. Nilivivaa safari nzima ya kwenda. Nilipovivua Kongolo, soksi ilikuwa imeloa damu, na chini ya kidole gumba kulikuwa na shimo. Sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Shemeji zangu ndio walioona kwanza.

Wiki mbili shimo halikufunga, likazidi. Mguu ukawa baridi kama reli ya alfajiri, na kidole cha pili kikaanza kuwa cheusi. Shemeji zangu wakanong'ona, "Ulikanyaga dawa. Bantu balikutegea mu njia." Nilitaka kuwaambia kwamba nilikanyaga viatu vyangu mwenyewe, lakini mgeni wa ukweni habishani. Nikaenda hospitali.

Daktari wa kule, mtu mwema, alipapasa mguu wangu kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Akasema damu haifiki tena chini, na kwamba yeye hawezi kufanya kitu ila kukata, juu ya goti. "Lakini Élisabethville," akasema, "kuna daktari mpasuaji aliyefika si zamani, anajaribu kurudisha damu ya miguu. Nenda kwake upesi. Weusi huu ukipanda hadi kwenye kifundo cha mguu, hata yeye atakata tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu, ndugu zangu. Weusi unapanda mguu, na mimi napanda Lualaba, tuone nani anafika kwanza.

Kongolo hadi Kabalo, na kikapu kinachotumwa maneno

Kwetu kaskazini, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali mbele yake, hasemi naye moja kwa moja. Maneno yanapitia kwa mtu wa tatu. Mwiko huo unaondoka siku moja tu: mama mkwe anapika kuku katika nyumba ya binti yake, na mkwe anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, na zawadi mkononi, hadi mahali alipoketi mama. Hapo ndipo wanatazamana kwa mara ya kwanza. Kuku wetu tulikuwa hatujamla, maana yeye alikaa Kongolo na mimi Élisabethville, na kila mwaka tulisema mwaka ujao.

Sasa nilikuwa mgonjwa, na mtu pekee wa kunisindikiza ni yeye, Mama Feza. Shemeji walisema tungoje wapatikane watu wengine. Yeye akajibu kutoka ndani ya nyumba, "Muguu ile haingoje muntu." Tukaondoka.

Katika treni tulikaa tumepeana migongo. Tatizo likaanza hapo hapo: mtu wa tatu hayupo. Abiria wa karibu alikuwa Mtetela asiyejua mila zetu, kila akiombwa kupeleka neno anauliza, "Lakini si eko hapa, anakusikia!" Mama mkwe akachoka naye. Nikasikia anasema na kikapu chake cha mihogo:

"Kikapu, umuambieko mukwe wangu akule hii ndizi."

Nami nikakaza macho dirishani. "Kikapu, umuambie mama, aksanti sana, nimeisha shiba."

"Kikapu, umuambie eko muwongo. Tangu asubuhi hakule."

Behewa zima likacheka. Mtetela alicheka mpaka akatoka kwenye benchi. Mimi, capita ninayeamrisha watu thelathini, nilikula ndizi kwa amri ya kikapu. Nilikuwa na hofu ya mguu wangu, lakini nawaambia kweli, siku ile nilicheka.

Lualaba, mpaka ziwa la Kisale

Kabalo tulipanda meli ya kuni inayokwenda Bukama. Wazungu walikaa juu kwenye meli, sisi kwenye tishari lililofungwa ubavuni. Karibu wiki nzima. Kila baada ya muda meli inasimama kupakia kuni, na kila inaposimama mimi nahesabu saa. Wenzangu wa tishari walishuka kunyoosha miguu, kuongea, kuchagua samaki. Mimi nilibaki nimeutazama mguu wangu.

Mpishi wa tishari, Kalume, mtu wa Ankoro mwenye sauti ya filimbi ya treni, alijitolea kutuchukulia maneno. Kikapu kikapumzika. Kalume huyo huyo ndiye aliyeniletea munkoyo kutoka kwa mama mkwe, kibuyu kizima, ule uji wa mahindi wa kunywa uliokorogwa vizuri, mtamu, mzito. Kwetu chakula cha mama mkwe hakikataliwi. Nilijua nina ugonjwa wa sukari, nikanywa. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi ningeulizwa ningejibu, lakini nani angeniuliza? Kiu ikaongezeka, mama akaona nina kiu, akatuma kibuyu kingine. Hakujua kitu. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa heshima.

Mvua ilitukuta tulipoingia ziwa la Kisale, kule ambako visiwa vya mafunjo vinatembea juu ya maji na meli inabidi ivitafutie upenyo. Upepo ulikuwa mkali. Mguu wangu ulikuwa baridi hata mkono wangu mwenyewe uliuogopa. Nyuma ya jiko la Kalume lilipita bomba la mvuke kutoka kwenye meli. Nikasogea, nikaegemeza wayo karibu na bomba nipate joto kidogo, nikasinzia.

Mama mkwe alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, amenipa ubavu. Aliona. Aliona mguu ukiteleza, wayo ukilala juu ya bomba. Mtu mwingine yeyote angepiga kelele, "Kabamba, mguu!" Yeye ni mkwe wangu. Kinywa chake hakijawahi kuniita jina. Akasimama, akaenda mbio kumtafuta Kalume. Kalume alikuwa mwisho kabisa wa tishari, ameinama anabishana na wavuvi wa mitumbwi juu ya samaki. Mama akamvuta shati. Kalume akaja akipiga kelele:

"Capita! Mama anasema muguu yako iko juu ya bomba, inaungua!"

Nikafumbua macho nikamcheka. "Haiungue. Kama inaungua, ningesikia."

Kisha nikasikia harufu.

Nilipoondoa mguu, ngozi ya kidole cha pili na sehemu ya wayo ilibaki kwenye bomba. Na bado sikusikia maumivu, hata kidogo. Hapo ndipo niliogopa kweli. Kabla ya hapo nilikuwa na hofu ya kisu. Sasa niliona kwamba mguu wangu umekwisha kuniacha, uko pale umeshikamana nami tu. Nililia mbele ya watu, sifichi.

Nyuma yangu nikasikia mama mkwe naye analia, anasema na maji ya ziwa: "Niliona. Miye niliona, na kinywa ikakataa." Akarudia mara nyingi. Nikasikia nguo yake ikichakacha karibu nami, nikageuza uso upesi upande wa pili. Alikuwa amejifunika kitambaa kichwani mpaka puani, amepiga magoti chini ya miguu yangu, na mikono yake imeushika mguu wangu.

"Mwiko ya bukwe iko ya uso," akasema, si kwa Kalume, si kwa kikapu. "Muguu haina uso."

Tangu siku ile alikuwa anasema na mguu. Asubuhi: "Muguu, yambo. Ulilala?" Nami, nikiangalia mafunjo, namjibu kwa niaba ya mguu: "Muguu anasema yambo, mama. Alilala." Alikiosha kidonda kwa maji yaliyochemka na chumvi, akafukuza nzi, akafunga kitambaa safi. Na kila jioni, kabla jua halijashuka, alichukua uzi mweusi, akaunyoosha kutoka ncha ya kidole hadi pale weusi unapoishia, akafunga fundo. Uzi ni huo huo, fundo jipya kila siku. Sikumuuliza maana yake. Nani amuulize mama mkwe?

Bukama, na tuta lililoliwa na mvua

Bukama tulipanda treni, nikavuta pumzi. Hatimaye reli! Kila mlio wa gurudumu naujua. Nikamwambia Kalume tulipoagana, "Kesho kutwa niko nyumbani." Usiseme kesho mbele ya mvua.

Tulikuwa tumepita Lubudi, asubuhi, treni ikapunguza mwendo, ikasimama porini. Mbele mvua ilikuwa imekula tuta. Reli zilining'inia hewani, na chini yake ni shimo la matope linalopitisha mto mzima. Watu wakashuka, wakashika kiuno. Mwanamke mmoja akafungua sufuria zake akaanza kupika bukari, ugali wetu, kando ya njia, maana alijua hali ya mambo. Msimamizi mzungu hajafika. Capita wa pale, mtu wa makamo mwenye hasira, alikuwa anaamuru watu wake wajaze shimo.

Nikachungulia dirishani. "Wanajaza nini?" nikauliza. "Udongo uliolowa? Watajaza mpaka Pasaka!"

Nyuma yangu mama mkwe akauliza mguu: "Muguu, uko na siku ngapi?"

Nilimwambia yule Mtetela wa kikapu, ambaye tulikutana naye tena Bukama, atafute wenzake watatu. Wakanikalisha juu ya benchi la behewa, wakanibeba hadi kwenye shimo. Harufu ya mguu wangu ilifika kabla yangu, capita yule akashika pua.

"Weye ni nani?"

"Capita Kabamba, wa Élisabethville. Usijaze. Uzunguke."

"Kuzunguka wapi?"

Nikamwonyesha: kulia kwetu ardhi ilikuwa ngumu, ya mawe, imeinuka kidogo. Nyuma, kwenye stesheni ndogo tuliyopita, kulikuwa na njia ya pembeni ambayo imeota nyasi, haitumiki. "Ng'oa reli za kule, uzilete hapa, uzipitishe juu ya mawe. Zishike njia kubwa kabla ya shimo, zirudi njia kubwa baada ya shimo. Déviation. Haihitaji ipendeze, inahitaji ipitishe."

Alibisha kwa muda wa kuvuta sigara moja, kisha akaona. Watu walifanya kazi siku ile na siku ya pili. Mimi kwenye benchi langu, mguu kwenye gunia, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka: hapa inua, hapa chini, weka mbao mbili! Walipomaliza nikaomba nyundo. Wakanibeba, nikagonga kila kiungo. Ziliimba zote. Treni ikapita mwendo wa bibi harusi, behewa kwa behewa, na abiria wakapiga vigelegele. Msimamizi alipofika na kukuta treni imeshaondoka, sijui alisema nini, sikuwepo kumsikiliza. Ninachojua ni kwamba weusi ule mguuni haukuwa umefika kwenye kifundo.

Élisabethville

Tulipoona bomba kubwa la kiwanda likitoa moshi kwa mbali, watu wote wakaimba. Feza alikuwa stesheni, tumbo mbele, mikono juu ya tumbo. Akanusa kabla hajaona. Akaanza kulia, mama yake akamwambia, "Nyamaza. Utalia nyumbani. Sasa ni hospitali." Na moja kwa moja tukaenda hospitali.

Daktari mpasuaji alikuwa Mbelgiji mrefu, mwembamba, anayekokota miguu. Wauguzi walimwita Mwenda Pole, naye alijua wanavyomwita. Infirmier aliyemtafsiria, Gaston, alikuwa mtu wa kwetu, nami nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Daktari aliweka vidole kwenye kinena changu akitafuta mapigo ya damu, akatabasamu. Akaweka nyuma ya goti, akaacha kutabasamu. Akaweka juu ya wayo, akangoja, akangoja.

"Tangu lini huu weusi?" akauliza. "Unakwenda upesi au pole pole?"

Nikafungua kinywa, nikaona sijui. Nimeutazama mguu wangu safari nzima, lakini kupima sikupima. Kutoka nyuma ya pazia la kitambaa, ambako mama mkwe alikuwa amejificha asinione uso, ukatokea mkono umeshika uzi.

"Gaston, umupatie docteur," sauti ikasema. "Fundo ya kwanza, siku alichomeka mu meli. Inafuata siku kwa siku. Aangalie vile zinaachana, kisha aangalie tatu za mwisho."

Daktari akaunyoosha uzi juu ya mguu wangu. Mafundo ya melini yalikuwa mbali mbali. Matatu ya mwisho yalikuwa yamekaribiana, karibu kugusana. Weusi ulikuwa umepunguza mwendo. Akautazama ule uzi, akalitazama pazia, akasema neno kwa Kifaransa ambalo Gaston alilitafsiri huku anacheka: "Anasema tuko na wakati. Na anasema mama akuye kufanya kazi hapa." Nawaambia, nilijisikia nimepewa medali mimi, na sikuwa nimefanya lolote.

Siku kadhaa walinichoma sindano za sukari na kunipimia chakula. Bukari ya ngumi moja! Mama mkwe alipoambiwa, alikasirika nyuma ya pazia. "Muntu mukubwa atapona namna gani na bukari ya mutoto?" Gaston akamweleza sukari ni nini, na munkoyo ni nini. Kisha akauliza pazia: "Na yeye alijua?" Nikajifunika shuka mpaka kichwani. "Ah, Kabamba," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anaita jina langu, na alikuwa ananigombeza.

Wakapiga picha ya ndani ya mguu, dawa ikapita kwenye mshipa ili uonekane. Daktari akachora kwenye karatasi: mshipa mkubwa wa paja umeziba katikati, na chini ya goti bado uko wazi, mtupu, unangoja. Gaston akatafsiri, akitoka jasho:

"Docteur anasema hawezi kufungua pale paliziba. Atakamata mushipa ingine ya muguu yako, haina kazi mingi. Ataigeuza juu chini, sababu ndani muko tumulango tudogo tunafungukaka upande moja tu. Ataishona hapa juu, ataishona kule chini, damu ipite pembeni, irudie mu njia yake."

Nikaanza kucheka, mpaka kitanda kikatikisika. Gaston akafikiri nimerukwa na akili. Nikamwambia daktari kwa Kifaransa changu cha reli: "Déviation!"

Akanikazia macho. "Oui," akasema pole pole. "Une déviation."

"Docteur, ile nilijenga mwenyewe juzi, kule nyuma ya Lubudi. Ilipitisha treni."

Akaniambia ukweli, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa: ameifanya mara chache, inaweza kuziba siku ya kwanza, na ikiziba atakata. Feza alilia. Nikamwambia, "Mwenda pole hajikwai. Mwache afanye."

Walinidunga mgongoni, nusu yangu ya chini ikalala, nusu ya juu ikabaki macho. Nilisikia vyuma vinagongana kwenye sinia. Muda ulikuwa mrefu. Mimi nilisali rozari, nikapoteza hesabu, nikaanza tena.

Nilipolazwa tena kitandani, Feza hakuwepo. Uchungu ulikuwa umemshika asubuhi ile ile, upande wa pili wa hospitali, na mama mkwe alikuwa anakimbia kati ya majengo mawili. Akaja amejifunika kitambaa, anahema. Akaingiza mkono chini ya shuka, akaweka nyuma ya kiganja chake juu ya wayo wangu, kama alivyofanya kila siku tangu Kisale. Akautoa. Akauweka tena.

"Gaston," akasema kwa sauti ndogo. "Kuyako hapa. Iko moto. Iko moto kama mutoto aliyelala."

Daktari akaja, akatafuta mahali juu ya wayo, akakamata kidole cha mama mkwe wangu akakiweka pale pale. Mama akaanza kuhesabu kwa Kihemba, lugha yetu, moja, mbili, tatu, akifuata mapigo, machozi yakilowesha kitambaa chake. Mimi nikaomba nami nishike. Mmenijua miaka mingi, mnajua sikio langu na mkono wangu. Chini ya kidole changu damu iligonga, safi, bila kukohoa. Reli nzima. Jioni ile nikaambiwa Feza amezaa msichana.

Kidole kilichoungua hakikuokoka, walikikata. Mnisamehe, kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vilivyobaki vinne vinatosha kuwapiga teke ninyi mnaonisumbua. Kidonda kile kilichokuwa cha kijivu kikawa chekundu, kikatoa damu kidogo kikioshwa, na wauguzi walishangilia damu ile utafikiri ni sherehe. Mama mkwe akachukua uzi mpya. Safari hii alipima upana wa kidonda, kila Jumapili baada ya misa. Mafundo yakaanza kurudi nyuma. Ilichukua miezi. Ikafika Jumapili moja akaunyoosha uzi, akatafuta, hakupata pa kufunga fundo.

Kutoka lango la kambi hadi mlangoni kwangu

Kuku alitoka Kasungami, jogoo mwekundu, mkubwa, aliyechaguliwa na mama mkwe mwenyewe kwa wakulima wa kule baada ya kukataa wengine sita. Feza akafagia uwanja. Ninyi wote mlikuwepo, kwa hiyo hapa siwezi kudanganya.

Nilianzia langoni. Bila fimbo. Viatu vyangu vilikuwa makobazi ya tairi, mapana, mabaya, Gaston ndiye aliyeyapima. Vile vyeusi nimevitundika ukutani vinikumbushe ujinga wangu. Mkononi nilikuwa na kitenge cha maua. Nilipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nimetembea maelfu ya reli maishani mwangu, lakini kipande kile kidogo ndicho nilichokitembea kwa kiburi kuliko vyote.

Mama Feza alikuwa ameketi mlangoni kwenye mkeka, amenipa mgongo, kitambaa kimemfunika mpaka puani, mtoto mchanga mapajani. Nikasimama nyuma yake. Nikaweka kitenge begani mwake.

"Mama," nikasema, bila kikapu, bila Kalume, bila pazia. "Nimefika. Kwa miguu yangu."

Akageuka. Kwanza akatazama chini, akaangalia mguu, akahesabu vidole, akaridhika. Kisha akavuta kitambaa, akainua macho. Nami kwa mara ya kwanza nikamwona: uso mdogo, mikunjo mingi, macho ya Feza. Alinitazama muda mrefu, kutoka kipara hadi kidevu. Kambi nzima mlikuwa mnangoja aseme neno.

"Kumbe njo sura yenyewe," akasema. "Muguu iko muzuri kupita."

Mlicheka mpaka mbwa wakabweka, na mimi nilicheka kuwapita wote. Akanikatia paja la jogoo, nikala mbele yake, yeye akinitazama. Bukari aliyoniwekea ilikuwa ya ngumi moja.